Kidole Hakijasoma

Watu wa mnada wa Basotu walimwita Mwalimu, ingawa miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Paskalina Theodory ashike chaki. Alikuwa amejitolea kufundisha darasa la tatu katika shule moja karibu na ziwa, akisubiri ajira ya serikali. Kila majina yalipotoka alikwenda kuyasoma, na kila mara la kwake halikuwemo. Mwisho akachoka, akaacha. Lakini wazazi wa watoto aliowafundisha waliendelea kumwita hivyo, naye hakuwakataza. Kwa kazi ile ya miaka minne bila mshahara, jina hilo ndilo pekee alilotoka nalo.

Kwao kabisa ni Maretadu, upande wa Mbulu, kwa wakulima wa mahindi na maharage ambao Jumapili hawakosi misa. Alipokuwa na miaka saba alipelekwa Basotu kukaa na mama yake mdogo, aliyekuwa ameolewa huko na amejifungua mapacha. Akasoma hukohuko mpaka darasa la saba, kabla ya kwenda sekondari na chuo cha ualimu. Watoto aliocheza nao walikuwa wa wafugaji, na kabla hajajua kuandika vizuri alikuwa anaongea Kidatooga, lugha ya Wabarabaigi, kama mtu aliyezaliwa ndani ya boma. Wakubwa walimpenda kwa hilo. Mtoto wa Kiiraqw anayejua kumwamkia mzee wa Kibarabaigi kwa lugha yake, na kwa namna inayotakiwa, hakuwa kitu cha kila siku.

Ni lugha hiyo iliyomfanya Hilary amtafute.

Hilary alikuwa msimamizi wa mawakala wa laini za simu. Alifika Katesh, mji ulio chini ya mlima, mwaka ule tope liliposhuka na kufukia nyumba, wakati watu wengi walikuwa wamepoteza simu pamoja na yale mengine makubwa waliyopoteza, na foleni za kurudisha laini zilikuwa ndefu. Foleni zilipokwisha, yeye akabaki. Alikuwa kijana mpole, anayejua kusikiliza, na alivaa fulana ya kampuni iliyopigwa pasi. Alimpa Paskalina fulana kama hiyo, mwavuli, meza ya plastiki na mashine ndogo ya kusoma alama za vidole. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Mtu analeta namba ya kitambulisho cha taifa, anaweka kidole kwenye mashine, laini inasajiliwa kwa jina lake. Wakala analipwa kwa kila laini iliyosajiliwa.

Miezi miwili ya kwanza Paskalina aliifanya kama ilivyotakiwa. Alizunguka Katesh, Basotu na vijiji vya kando ya mashamba ya ngano, na jioni alimtumia Hilary idadi. Siku moja Hilary akamfuata mezani kwake, akavuta ndoo akaikalia.

"Siku nzima laini nane, Paska?"

"Watu wenyewe ndio hao, kaka Hilary. Mwenye laini hataki nyingine."

"Wenzako Babati wanafika hamsini."

"Wanawatoa wapi?"

Hilary alitazama pembeni kwanza, kisha akaongea taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Mteja akishaweka kidole, alisema, usimwachie aondoke na laini moja. Mwambie kidole hakijasoma. Ataweka tena. Hapo umesajili laini ya pili kwa jina lake. Mwambie tena, umepata ya tatu. Yeye utampa ile moja aliyoifuata, nyingine unaniletea mimi.

"Na zile za ziada zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Ni za kujazia hesabu, wakubwa waone tunafanya kazi. Mwezi ukiisha zinafungwa."

"Mwenyewe hatadhurika?"

"Atadhurika na nini, na laini haijui?"

Paskalina alitaka kuuliza tena. Lakini aliogopa kwamba swali la pili lingepata jibu. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kazi yenye fulana na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na baba yake huko Maretadu alikuwa amewaambia watu kanisani kwamba binti yake yuko kampuni ya simu. Alikunja mikono, akasema sawa.

Mara ya kwanza alimfanyia mama muuza dagaa, na usiku hakulala vizuri. Mara ya kumi alilala. Baada ya miezi mitatu maneno yale yalimtoka bila kuyafikiri. Kila Jumamosi alimkabidhi Hilary bahasha ya laini, Hilary akaifunga kwa mpira na kuitia kwenye begi. Hawakuongea lolote juu yake. Kilichomsumbua kidogo ni kwamba hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumshuku. Vijana wa mjini waliuliza maswali, waliangalia kioo cha mashine, kwa hiyo hao aliwaacha. Aliwachagua wazee, na wafugaji wasiosoma, na wanawake wenye watoto mgongoni waliokuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Hao ndio waliomwita Mwalimu.

Mzee Gidamis alikuja kwenye meza yake siku ya mnada, mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka nyeusi iliyopauka, na alitembea na mkwe wake Natalia, mke wa mtoto wake mkubwa. Paskalina alisimama akamwamkia kwa Kidatooga. Mzee aliitikia taratibu, akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, akafurahi aliposikia jina la mama mdogo.

"Judith amenitumia hii," alisema, akatoa simu ndogo ya kubonyeza iliyofungwa kwenye kitambaa. Judith alikuwa binti yake wa mwisho, mtoto wa kwanza katika boma lile kumaliza sekondari, na sasa alikuwa Arusha akisomea uuguzi. "Anasema mama yake akizidiwa kifua, nimpigie, aniambie la kufanya. Nataka laini ya kuongea na mtoto wangu. Nyingine yoyote sina haja nayo."

Natalia akatoa kitambulisho. Paskalina akaingiza namba, akamwomba mzee aweke kidole gumba.

Kidole hakikusoma. Na safari hii ilikuwa kweli. Vidole vya mzee vilikuwa vimelika kwa miaka ya kamba, mikuki na mipini ya majembe, vikawa laini kama jiwe la mtoni. Alijaribu gumba la kulia, la kushoto, kidole cha shahada. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Mzee akawa anajifuta kidole kwenye shuka kila mara, akawaomba radhi wale walio nyuma kwa Kiswahili chake kigumu. Paskalina akachukua mkono ule mzito, akausafisha kwa kitambaa chenye maji, akaushika mwenyewe na kuukandamiza kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka. Laini ikakubali.

Angeweza kumwachia hapo. Baadaye alirudia dakika ile mara nyingi kuliko nyingine yoyote maishani mwake. Mkono wa mzee ulikuwa bado ndani ya wake, taa ya kijani imewaka, na mdomo wake ukasema:

"Bado, babu. Kidole hakijasoma."

Akasema hivyo mara tatu. Mzee aliondoka na laini moja kwenye simu yake, na nyingine tatu zikabaki chini ya kitambaa cha meza. Kabla ya kuondoka alimwekea Paskalina kiganja kichwani, akasema maneno ya kumtakia watoto na mvua, kisha akamwagiza Natalia amwachie kibuyu kidogo cha maziwa waliyokuja nayo. Paskalina aliyanywa jioni nyumbani kwake Katesh. Yalikuwa maziwa mazuri.

Miezi kumi ikapita. Hilary alikuja Jumamosi moja ndiyo, moja hapana. Kisha Jumanne moja Natalia akatokea sokoni Katesh peke yake, vumbi mpaka magotini, akasimama mbele ya mwavuli mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka.

"Mwalimu, wamemchukua baba."

"Akina nani wamemchukua?"

"Polisi. Wametoka mbali, si wa hapa. Walikuja na mtendaji wa kijiji juzi asubuhi. Wanasema simu yake imemtapeli mtu."

Akaeleza alivyoelewa. Kuna mama mmoja katika mkoa mwingine, mwalimu mstaafu, alipigiwa simu na mtu aliyejifanya ofisa wa mafao yake, akamwambia atume fedha kidogo ili faili lake lisogee, halafu nyingine, halafu nyingine, mpaka kiinua mgongo chake chote kikaisha. Namba iliyotumika ilikuwa na jina la Gidamis. Askari walimsomea mzee namba ya kitambulisho wakamuuliza kama ni yake. Akasema ni yake. Wakamuuliza kama aliweka kidole chake kusajili laini. Akasema ndiyo, aliweka, mara nyingi, mpaka kikakubali.

"Hajui kusema uongo," Natalia alisema. "Na Kiswahili chake unakijua. Tumefikiri nyumbani, tukaona wewe ndiye ulimtengenezea ile laini, na wewe mambo haya unayajua. Mama amesema niende kwa Mwalimu, Mwalimu atatusaidia."

Paskalina alimvutia Natalia stuli, akampa maji. Akasema ataandika barua. Aliiandika palepale kwa mwandiko wake mzuri wa darasani, kwamba anamfahamu Mzee Gidamis kuwa mtu mwaminifu na asiyejua matumizi ya simu zaidi ya kupokea na kupiga. Akaandamana na Natalia mpaka kituo cha polisi, wakaipokea, wakasema wataituma kwa wenzao. Kila kilichoandikwa kwenye barua ile kilikuwa kweli. Kile ambacho kingemtoa mzee hakikuwemo.

Natalia alipoondoka, Paskalina akampigia Hilary.

"Tulia," Hilary alimwambia. "Umeongea na nani?"

"Sijaongea. Lakini uliniambia zinafungwa. Uliniambia mwezi ukiisha zinafungwa."

"Na mimi niliambiwa hivyo." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Sikiliza, Paska. Mzee ni mzee, watamwona hana kitu, watamwachia. Wewe ukisema neno, jina lililopo kwenye mashine si langu. Ni la kwako. Kila laini ina namba ya wakala aliyeisajili. Umenielewa?"

Alimwelewa. Siku mbili baadaye simu ya Hilary haikupatikana tena, na chumba alichopanga nyuma ya soko kilikuwa kimefagiliwa.

Wiki ya kwanza Paskalina alijiambia atasubiri mzee aachiwe. Wiki ya pili alijiambia hivyohivyo. Alirudi mezani, akasajili laini moja kwa kila mtu, akawarudishia watu vitambulisho vyao kwa mikono miwili, kana kwamba heshima hiyo ingefikia mtu mwingine aliye mbali. Chakula kilimshinda. Natalia alimpigia mara mbili kwa simu ya kuazima, akimwuliza kama kuna jibu la barua. Akajibu bado. Akauliza hali ya mama, yaani mke wa mzee, akaambiwa kifua kimembana na hataki kupelekwa hospitali mpaka mumewe arudi. Ile simu ya mzee, ambayo ilikuwa ya kumwita Judith, askari walikuwa wameichukua kama kielelezo.

Wiki ya tano Natalia alikuja tena. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa, na Paskalina alipouona ule upara alijua kabla hajaambiwa.

"Tumemzika mama juzi," Natalia alisema. Alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa. "Judith alikuja siku ya pili yake. Hakumkuta."

"Na baba anajua?"

"Mtendaji alipiga huko. Wanasema wamemwambia." Akatoa kitambulisho cha mzee kwenye kitenge, na simu. "Hii simu wameturudishia, wamesema wameshaiona, haina kitu. Askari mmoja amenihurumia, akaniambia kuna namba za kubonyeza, unaona laini zote zilizosajiliwa kwa jina la mtu. Mimi sijui. Nibonyezee, Mwalimu."

Paskalina alichukua simu. Angeweza kusema mtandao unasumbua. Angeweza kusema vocha imekwisha, au aje kesho. Uongo wa aina hiyo alikuwa ameuzoea kiasi kwamba ulimjia wenyewe mpaka kwenye ulimi. Alibonyeza. Baada ya muda kioo kikaleta namba nne, moja chini ya nyingine. Akamkabidhi Natalia. Natalia alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na tarakimu alizijua. Alizifuata kwa kidole.

"Hii ya juu ndiyo ya baba. Hizi tatu za nani?"

"Za kwake. Kwa jina."

"Yeye alichukua moja. Nilikuwepo."

"Nilimwambia kidole hakijasoma," Paskalina alisema. "Kilikuwa kimesoma."

Natalia hakuelewa mara moja. Alitazama simu, akamtazama usoni, akarudi tena kwenye simu. Sokoni mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza nyanya. Paskalina akamweleza yote, kuanzia siku ya ndoo ya Hilary mpaka bahasha za Jumamosi. Hakulia. Alisema kwa Kidatooga, kwa sababu aliona kuyasema hayo kwa Kiswahili ni kama kujificha.

"Siku ile umemshika mkono," Natalia akasema mwishoni, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na siku nimekuja hapa, nikakuambia wamemchukua?"

"Nilijua."

"Mama alikuwa hai."

Natalia alifunga simu na kitambulisho ndani ya kitenge, taratibu, fundo juu ya fundo. Hakumtukana. Alisimama akasema tu, "Twende," na Paskalina akaacha mwavuli na meza pale vilipokuwa, wakavuka barabara ya Singida wakielekea kituoni, Natalia mbele, yeye nyuma.

Safari hii maelezo yake yalichukua saa tatu. Jioni hiyo hakurudi nyumbani. Mzee Gidamis aliachiwa siku ya nne, akafika Basotu siku kumi na moja baada ya mke wake kuzikwa.

Kesi ilisikilizwa huko mbali, katika mji ambao Paskalina hakuwahi kufika. Ofisa wa kampuni ya simu alikuja na karatasi, akaeleza kwamba Hilary hakuwa mwajiriwa wao bali wa kampuni nyingine iliyopewa kazi ya kusimamia mawakala. Kampuni hiyo nyingine ikasema mkataba wa Hilary ulikwisha zamani. Hakuna aliyemjua anakotoka. Hata jina hilo hawakuwa na uhakika nalo. Mashine ilionyesha laini mia mbili na kumi na saba zilizosajiliwa na wakala mmoja kwa majina ya watu waliokuwa na laini moja kila mmoja wao mkononi. Namba ya wakala huyo ilikuwa ya Paskalina. Alipoulizwa, alikubali kosa.

Mwalimu mstaafu aliyetapeliwa alikuwepo. Aliitwa Fabiola, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alifundisha miaka thelathini na sita. Alipotoa ushahidi hakumtazama Paskalina. Alisema mtu aliyempigia alimwita Mwalimu, kwa heshima sana, akamuuliza kwanza hali ya miguu, na ndiyo maana alimwamini. Walipokuwa wanatoka nje akasimama mbele yake, askari akawaacha.

"Nimeambiwa na wewe ulifundisha," alisema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Darasa la ngapi?"

"La tatu."

Mama yule akarekebisha miwani yake, akamshika mkono mjukuu aliyemsindikiza, wakaenda.

Paskalina alifungwa mwaka mmoja, akatumikia miezi minane. Kuhusu gereza hakuwahi kusimulia mengi alipotoka. Alisema kulikuwa na bustani ya mboga na kwamba wenzake walimpa barua zao awaandikie, mpaka waliposikia kosa lake. Baada ya hapo wachache waliendelea kumpa.

Baba yake, Mzee Theodory, ndiye aliyekuja kumpokea langoni. Alikuwa amezeeka kwa mwaka ule mmoja kuliko kwa miaka kumi ya nyuma. Njiani kwenye basi alimnunulia mahindi ya kuchoma, akamuuliza kama amekula asubuhi. Walipofika Babati alisema kwamba lazima waende Basotu.

"Sidhani kama watatupokea, baba."

"Kupokelewa ni juu yao. Kwenda ni juu yetu."

Wakaenda mwezi wa saba, watu watatu: yeye, baba yake na katekista Patriki, mtu mzima aliyeheshimika pande zote mbili. Walichukua gari la Haydom linaloshuka Basotu, wakiwa na blanketi jipya na debe la asali. Mama mdogo alikuwa ametanguliza habari, kwa hiyo wazee wawili wa boma walikuwa wamekaa nje wakiwasubiri, na Mzee Gidamis katikati yao kwenye kigoda.

Paskalina alipiga magoti akamwamkia kwa Kidatooga, kama siku ile ya mnada. Mzee hakuitikia. Katika nchi ile hata mtu mliyegombana naye mpaka wa shamba unaitikia salamu yake, halafu ndiyo mnaendelea kugombana. Mzee Theodory aliinamisha kichwa. Katekista Patriki ndiye aliyeongea, akaeleza walichokijia, akasema hawakuja kulipa, kwa sababu kilichopotea hakilipiki. Wamekuja kusema kosa mbele ya mwenyewe.

Mzee Gidamis alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda, na jicho lake moja lilitoka maji. Alipoongea hakumtazama Paskalina. Aliongea na wale wazee wenzake.

"Siku ile watu walinung'unika nyuma yangu," alisema. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, mikono yangu imeharibika, nimewachelewesha watu. Akanipaka samli vidole. Kila jioni alinipaka, ili mashine ikinihitaji tena nisiaibike."

Asali ilipokelewa na mmoja wa wazee, blanketi likarudishwa. Natalia alikuwa mlangoni pa nyumba yake akitwanga. Hakuacha kutwanga walipokuja, wala walipoondoka.

Sasa Paskalina anaishi Maretadu, katika chumba alicholala akiwa mtoto, na analima na wazazi wake. Mwaka huu maharage yamekubali. Ajira za walimu zilitangazwa tena, na jirani aliyesoma naye akaja kumwambia kwa nia njema, halafu akakumbuka, akabadilisha maneno. Watu wa kijiji hawamtendei ubaya. Wanamsalimia njiani, wanamwalika kwenye misiba, wanampa jembe akiazima. Ila hakuna anayempelekea simu yake tena, wala karatasi ya kujaza, wala kitambulisho cha kusomewa.

Wiki iliyopita walikuwa wanapura maharage uani, yeye na mama yake. Simu ya mama ikaisha salio akiwa katikati ya kuongea na dada yake wa Basotu. Mama macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Alitoa vocha kwenye pindo la kanga, akaishika mkononi, akamtazama Paskalina, na Paskalina akajifuta vumbi mikononi, akanyoosha mkono kuipokea.

"Ngoja nimpelekee Rogathe hapo jirani," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una kazi."

Akafungua lango la miti, akatoka, polepole kwa sababu ya magoti. Paskalina aliokota fimbo yake, akaendelea kupiga maharage.